Seva za shule: VMware, Hyper-V au Proxmox?

Swali: Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika shule ya sekondari yenye wanafunzi wapatao 700, na usimamizi wa seva nimekabidhiwa mimi. Tuna seva mbili za zamani. Moja imekaa tu. Nyingine ina ESXi 6.7 ya bure ya VMware, mfumo wa kuendesha seva pepe (kompyuta za kiprogramu) kadhaa ndani ya mashine moja, nayo imebeba Active Directory (orodha ya watumiaji na ruhusa zao) na DHCP (inayogawa anwani za mtandao), mafaili na printa, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi na ada, Moodle ya masomo ya mtandaoni, na Koha ya maktaba. Uongozi umekubali tununue vifaa vipya. Muuzaji mmoja ametuletea pendekezo la seva tatu za VMware zenye hifadhi ya pamoja. Mwenzangu anataka Hyper-V ya Microsoft kwa kuwa leseni za Windows Server tunazo. Mimi nimesoma kuhusu Proxmox nikavutiwa. Nina msaidizi mmoja tu. Tuchague lipi?

Jibu: Mwalimu, kwa shule kama yako ningechagua Proxmox VE kwenye seva mbili mpya za wastani, kisha ile seva ya zamani iliyokaa tu niifanye mashine ya bekapu. Sharti langu ni moja: wewe na msaidizi wako, wote wawili, muwe tayari kushika Linux. Kama msaidizi hataki kabisa kuona mstari wa amri, mwenzako ana hoja nzito na mchukue Hyper-V bila kusita.

Naliweka sharti hilo mbele ya mambo ya kiufundi kwa sababu kubeba seva pepe tano au sita ni kazi ambayo mifumo yote mitatu inaiweza vizuri. Prosesa za Intel zilianza kusaidia kazi hii ndani ya chipu yenyewe mwaka 2005, za AMD mwaka 2006, na KVM, ambayo ndiyo injini ya Proxmox, imo ndani ya Linux tangu 2007. Kasi hailiamui jambo hili tena. Linaloliamua ni hili: seva ikigoma asubuhi ya siku ya mitihani nawe uko hospitali, nani ataiinua, na itamchukua muda gani? Kila uamuzi ulio mbele yako upime kwa swali hilo.

Naanza na pendekezo la muuzaji, maana ndilo litakalomeza bajeti yote. VMware ni mfumo mzuri, na kwa miaka mingi ndio ulioongoza. Lakini Broadcom ilikamilisha kuinunua kampuni hiyo tarehe 22 Novemba 2023, na Desemba ya mwaka huohuo ikaacha kuuza leseni za kudumu. Sasa unalipia kwa kipindi, kwa hesabu ya viini vya prosesa, na kila prosesa inahesabiwa kuwa na viini 16 hata kama ina 8. Shule hupata fedha za vifaa kwa mkupuo, mwaka mmoja zipo na miaka mitatu hazipo. Gharama inayorudi kila kipindi bila kukosa haiendani na mapato ya namna hiyo. ESXi ya bure iliondolewa mapema mwaka 2024, ikarudishwa Aprili 2025, lakini haiunganishwi na vCenter, programu ya VMware ya kusimamia seva nyingi pamoja, na haizipi programu za bekapu ruhusa zinazohitaji ili kunakili seva pepe. Kwa shule, kasoro hiyo ya pili inatosha kuikataa.

Kuhusu ESXi 6.7 uliyonayo, msaada wake uliisha tarehe 15 Oktoba 2022. Tangu hapo haipati marekebisho ya usalama, kwa hiyo kuhama ni lazima hata kama usingenunua chochote.

Ile hifadhi ya pamoja nayo nisingeichukua. Katika mpango huo seva tatu zinategemea sanduku moja la diski. Likifa, seva zote tatu ni nzima na hakuna hata moja yenye kazi. Wenye vituo vikubwa wana masanduku mawili, swichi za akiba na fundi wa zamu. Shule yenye watu wawili itafaidika zaidi diski zikikaa ndani ya kila seva, na data ikinakiliwa kutoka seva moja hadi nyingine kupitia mtandao.

Sasa leseni za Windows, na hapa naomba usome polepole, kwa sababu shule nyingi hukosea hapa, zingine kwa kulipa mara mbili na zingine kwa kuvunja mkataba bila kujua. Leseni ya Windows Server Standard inafungwa na seva ya chuma, yaani mashine yenyewe. Unatakiwa kulipia viini vyote vya seva hiyo, visivyopungua 16, na ukishafanya hivyo unaruhusiwa kuendesha Windows Server katika seva pepe mbili juu yake. Ukitaka nne, unalipia viini vyote mara ya pili. Kanuni hii ni ileile uwe umetumia Hyper-V, Proxmox au VMware. Kwa hiyo hoja kwamba leseni mlizonazo zinawalazimu kutumia Hyper-V haisimami. Leseni hizohizo zitatumika juu ya Proxmox pia.

Kutokana na kanuni hiyo, nunua seva zenye prosesa moja ya viini 16. Muuzaji atakuonyesha ya viini 24 kwa nyongeza ndogo ya bei ya chuma, lakini viini hivyo 8 vya ziada utavilipia tena kwenye leseni ya Windows, na seva zako hazitavitumia. Kisha gawa kazi hivi: seva ya kwanza ibebe Active Directory pamoja na mfumo wa kumbukumbu na ada, kila kimoja katika seva pepe yake. Seva ya pili ibebe Active Directory ya pili na mafaili pamoja na printa. Hapo kila seva ya chuma ina Windows mbili, na seti mbili za leseni zinatosha. Moodle na Koha ni za Linux, haziingii katika hesabu hii, ziweke popote penye nafasi.

Je, seva moja ikifa na ukahitaji kuhamishia Windows zake kwenye nyingine? Kwa kawaida leseni haihamishwi kutoka seva moja ya chuma hadi nyingine mpaka siku 90 zipite, ila kifaa kikiwa kimekufa moja kwa moja unaruhusiwa kuihamisha mara moja. Mkataba wa elimu unaweza kuwa na masharti mapana zaidi, hivyo usome mlio nao kabla ya kununua chochote. Usisahau pia leseni za watumiaji wanaounganishwa na seva, ambazo huhesabiwa kando.

Hyper-V ina sifa zake, na sitaki uione kama chaguo la kushindwa. Imo ndani ya Windows Server, na mtu aliyezoea Windows anaielewa kwa siku chache. Hyper-V Replica inanakili seva pepe kwenda seva ya pili kila sekunde 30, dakika 5 au dakika 15, upendavyo. Mkiichagua, zingatieni mambo mawili. La kwanza, Windows iliyo kwenye chuma isipewe kazi nyingine yoyote zaidi ya kubeba seva pepe. Ukiweka mafaili au printa juu yake, umeitumia nafasi moja kati ya zile mbili za leseni. La pili, ukiiunganisha na Active Directory ambayo yenyewe imo ndani yake, hakikisha nenosiri la msimamizi wa ndani ya mashine limeandikwa mahali salama, kwa sababu siku Active Directory haijawaka ndilo litakalokuingiza. Na mtu akikuambia upakue Hyper-V Server ya bure, fahamu kwamba toleo la 2019 ndilo lilikuwa la mwisho. Linapata marekebisho ya usalama hadi Januari 2029, na halina mrithi. Mfumo mpya usianzie hapo.

XCP-ng, iliyotokana na XenServer mwaka 2018, ni nzuri na ningeiheshimu shule inayoitumia. Siipendekezi kwako kwa sababu tu ni rahisi zaidi kumpata mtu anayeijua KVM na Debian, aina ya Linux, kuliko anayeijua Xen, injini ya XCP-ng. Nutanix, mfumo mwingine wa aina hii, ni ya ukubwa usiowahusu.

Sasa Proxmox yenyewe. Ni programu huria iliyojengwa juu ya Debian, ipo tangu 2008, na toleo la 9 lilitoka Agosti 2025. Uwezo wake wote unaupata bila kulipa. Usajili wa kulipia upo, unahesabiwa kwa soketi ya prosesa kwa mwaka, na ukiisha hakuna kinachozimika. Ukisakinisha bila usajili utaona mambo mawili yatakayokutia wasiwasi bure: kila ukiingia utapata ujumbe kwamba huna usajili, na sasisho la kwanza litagoma kwa kosa la 401 kwa sababu mfumo umeelekezwa kwenye hazina (mahali masasisho yanakopakuliwa) ya wanaolipa. Badilisha hazina katika sehemu ya masasisho na yote yataendelea. Hata hivyo, bajeti ikiruhusu, lipia ngazi ya chini kabisa kwa seva zote mbili. Haikupi mafundi wa kukujibu, lakini inakupa masasisho yaliyopimwa zaidi, na inawasaidia wanaoutengeneza mfumo mnaoutegemea.

Diski ndizo zinazostahili fedha kuliko kitu kingine. Proxmox hutumia ZFS, mfumo wa kupanga data kwenye diski, kunakili data kati ya seva mbili, na ZFS inataka kuziona diski zenyewe, bila kadi ya RAID, inayounganisha diski kadhaa zionekane kama moja, kukaa katikati. Mwambie muuzaji unataka kadi inayopitisha diski moja kwa moja. Chukua SSD za seva zenye kinga ya umeme kukatika ghafla, mbilimbili zikiakisiana. SSD za kompyuta za mezani zinavutia kwa bei, lakini chini ya ZFS huwa nzito katika uandikaji na huchakaa mapema. Upande wa RAM, jumlisha unavyohitaji: Active Directory GB 4, mafaili na printa GB 8, mfumo wa ada na hifadhidata yake GB 16, Moodle GB 8, Koha GB 4. Ukiongeza Active Directory ya pili na mahitaji ya Proxmox na ZFS, unakaribia GB 64. Weka GB 128 kwa kila seva, kwa sababu kila moja inapaswa kuweza kubeba mzigo wote peke yake siku mwenzake yuko chini.

Jinsi inavyofanya kazi siku hiyo ndiyo sehemu ya kuijua kwa vitendo. Kunakili kwa kawaida hufanyika kila dakika 15, kwa hiyo seva ikifa unapoteza takriban robo saa ya kazi. Mhasibu ana stakabadhi za karatasi. Za robo saa anaziingiza upya. Lakini klasta ya Proxmox, yaani seva zilizounganishwa kuwa kundi moja, huamua mambo kwa kura, na seva mbili zina kura mbili. Moja ikizimika, iliyobaki haina wingi wa kura. Seva pepe zilizokuwa zikifanya kazi juu yake zitaendelea, ila mipangilio inafungwa na huwezi kuwasha nyingine. Dawa ni kuipa mashine ya tatu kura kwa kitu kinachoitwa QDevice. Mashine yenu ya bekapu itaifanya kazi hiyo bila shida. Baada ya hapo, kuiinua seva pepe namba 101 upande wa pili ni kuhamisha faili moja dogo, 101.conf, kutoka folda ya seva iliyokufa hadi folda ya iliyo hai ndani ya /etc/pve/nodes, kisha kubonyeza kitufe cha kuwasha. Kwanza hakikisha iliyokufa imezimwa kweli, chomoa hata waya wake wa umeme, ili seva pepe moja isije ikawaka mahali pawili. Andika hatua hizo kwenye karatasi, ibandike ndani ya mlango wa kabati la seva, na msaidizi wako azifanye mwenyewe mara moja mbele yako kabla hamjaanza kuutegemea mfumo.

Kufanya uhamisho huo kwa mkono kunatosha. Proxmox inaweza kuhamisha seva pepe yenyewe bila mtu, lakini kwa shule naona dakika kumi za binadamu anayeelewa anachofanya ni salama kuliko uhamisho wa moja kwa moja ambao hakuna aliyeujaribu.

Bekapu. Kunakili kati ya seva mbili si bekapu: mwanafunzi akifuta folda, au kirusi kikiyafunga mafaili kwa nywila, uharibifu huo unanakiliwa vilevile upande wa pili. Snapshoti, yaani picha ya hali ya seva pepe kwa wakati fulani, pia si bekapu, kwa kuwa inakaa kwenye diski zilezile. Sakinisha Proxmox Backup Server kwenye ile seva ya zamani, uitie diski mpya na uipime RAM kwanza. Inahifadhi mabadiliko tu, hivyo nakala ya kila usiku kwa miezi kadhaa inaingia katika nafasi ndogo ajabu. Mashine hiyo isiunganishwe na Active Directory hata kidogo, na nenosiri lake lisifanane na lolote lingine shuleni. Anayevamia mtandao wa shule hutafuta bekapu kabla ya kitu chochote, akiwa na nenosiri la msimamizi mkononi. Nakala nyingine itoke nje ya jengo, kwa diski inayobebwa au kwa mtandao. Ukisimba bekapu, programu inakuwezesha kuuchapa ufunguo kwenye karatasi. Uchape, na karatasi ikae katika sefu ya shule. Ufunguo ukipotea hakuna atakayezifungua, hata waliotengeneza programu.

Kila muhula rejesha seva pepe moja nzima kutoka kwenye bekapu, uiwashe ikiwa imetengwa na mtandao, uingie, ufungue rekodi ya mwanafunzi mmoja. Mkichagua Hyper-V zoezi ni lilelile. Veeam, programu ya bekapu, ina toleo la bure la hadi mizigo 10 ambalo linawatosha.

Ukurasa wa kusimamia Proxmox unafunguka kupitia poti 8006. Uweke kwenye VLAN (sehemu ya mtandao iliyotengwa) ya peke yake isiyofikiwa na Wi-Fi ya wanafunzi wala maabara, na washa uthibitisho wa hatua mbili. Wanafunzi wako wenye akili zaidi watautafuta, na ni vizuri wakute mlango umefungwa. UPS iunganishwe kwa waya wa USB ili seva zizimwe kwa utaratibu betri ikikaribia kuisha, kisha panga mpangilio wa kuwaka: Active Directory kwanza, subira ya sekunde 120, halafu zinazoitegemea.

Kuhama kwenyewe kufanyike likizoni. Proxmox ina zana ya kuleta seva pepe moja kwa moja kutoka ESXi, na inaisoma 6.5 hadi 8, kwa hiyo 6.7 yako imo. Anza na Koha, kwa kuwa maktaba inaweza kuvumilia siku mbili za daftari. Ifuate Moodle. Kabla ya kuileta Windows yoyote, futa snapshoti zake zote na ondoa VMware Tools ikiwa bado upande wa zamani, kwani ukishahama huondoka kwa taabu. Windows haina ndani yake draiva za VirtIO, aina ya diski na kadi za mtandao ambazo Proxmox huzipa seva pepe: ukiiwasha na diski ya aina hiyo utapata skrini ya bluu. Iwashe kwanza diski ikiwa SATA, iongezee diski ndogo ya SCSI ya gigabaiti moja, sakinisha draiva kutoka ISO ya virtio-win, zima, kisha ibadilishe diski kubwa iwe SCSI na uiondoe ile ndogo. Kadi ya mtandao nayo itaonekana mpya, hivyo anwani ya IP ya kudumu itakuwa imepotea. Iandike mapema, maana mfumo wa ada ukipokea anwani nyingine, kompyuta za ofisini hazitauona.

Active Directory usiihamishe kabisa. Jenga mpya mbili, moja kwa kila seva ya chuma, ziunganishe na ya zamani, ziache zipokee kila kitu, hamishia kwazo majukumu yote ya usimamizi wa domeini pamoja na DHCP, kisha iondoe ya zamani kwa utaratibu wake. Seva ya ESXi yenyewe izime ikiwa nzima, diski zake zisiguswe, mpaka mitihani ya kwanza ipite juu ya mfumo mpya. Baada ya hapo ifute.